Walii Ndani ya Kanzu

Alasiri ishasaliwa hapa Wete, mashekhe washakaa kwenye mikeka, bwana harusi kafukizwa udi mpaka anapiga chafya. Anayengojewa ni walii wa bibi harusi, babake wa kumuozesha. Ndiyo mimi, nimo chumbani, kichwa kimenasa ndani ya kanzu.

Kanzu si shati, haifunguki mbele. Huivai bila kuinua mikono yote miwili, na wangu wa kulia tangu mwaka jana haupandi kupita kifua. Daktari alijaribu kuuinua yeye mwenyewe, akakwama palepale ninapokwama mimi. Ndivyo bega lililoganda linavyojulikana: hata akikuinulia mwingine, haliendi. Alinieleza kuwa hakuna kiungo mwilini kinachozunguka kama bega, kwa sababu kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kikombe kilichokipokea ni kidogo, hakina kina. Kinachokishika ni misuli na mfuko mwembamba uliokizunguka. Basi mfuko huo ukivimba, ukawa mnene, ukasinyaa, mkono unafungwa. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye sukari ndio hasa. Mimi nina miaka 52 na sukari ninayo. Nikamuuliza litafunguka lini. Akasema huenda mwaka, huenda miwili, wengine hufika mitatu. Nitembeze vidole ukutani kila siku. Na posa nishaipokea!

Basi nikatanguliza mkono mzima, ukapita. Kichwa nacho kikaingia, kikaishia njiani. Wa kulia ukabaki tumboni, ndani kwa ndani, hauoni njia ya kwendea mkononi mwa kanzu. Hapo ndipo msuli niliojifunga kiunoni ukalegea. Nikaudaka kwa huohuo mkono mgonjwa, kazi pekee iliyokuwa ndani ya uwezo wake.

"Hodi, Baba Zuwena! Watu wanangoja!"

Mama mkwe. Nikapiga ukelele, "Usiingie, mama!" Lakini poplini ilinijaa mdomoni, kilichomfikia ni "ingie, mama". Akaingia.

Kimya. Halafu nikasikia kanga zikigeuka upesi, na sauti yake sasa inatokea ukutani: "Astaghfirullah. Huo mkono wa pili u wapi?"

"Umeshika msuli, mama."

"Uwachie."

"Siwezi, mama."

Akamwita mjukuu aje anifunge msuli, na yeye kauso kake kaukabili ukuta, akaanza kutoa amri. "Marehemu mkweo alikuwa nalo bega hilo. Mvue yote! Sasa mgonjwa aingie kwanza. Mzima baadaye. Kuvua, mzima atoke mbele." Mtoto akavuta, kanzu ikashuka yenyewe. Mwaka mzima wa hospitali na hilo hakuna aliyeniambia.

Msikitini nikapeana mkono na bwana harusi kwa kiwiko kilichobanwa mbavuni, maskini akajisogeza kwenye mkeka mpaka magoti yakagusana. Nikaozesha, akakubali. Ikaja dua. Wenzangu mikono usoni, mimi kitovuni. Shekhe yuko katikati ya kuwaombea kizazi chema, shemeji yangu akashindwa kujizuia kwa furaha, akanipiga kofi la pongezi begani. La kulia.

"Yallah!" nikalia, machozi yakanibubujika.

Msikiti mzima ukaitikia: "Amin!"