Sanduku au maua? Ubishi wa wafuga nyuki

Huu ubishi hauishi. Ukikaa na wafuga nyuki wa Tabora, mmoja atakwambia achana na mizinga ya magome, weka masanduku, yaani mizinga ya mbao, uone asali, mwingine anakujibu sanduku halichanui maua bwana, nyuki anakula msitu. Mi nishahama upande mara mbili.

Wa maua wana hoja nzito. Nyuki kwa kawaida anatafutia ndani ya kilomita 3 hivi kutoka mzingani, sasa kama humo hamna kitu hata mzinga uwe wa dhahabu hupati asali. Miti ya miombo ya kule inachanua kwa zamu, mti wa mtundu unaanza kabla mvua hazijakolea, muba unafuata mvua zikielekea kuisha, ndo maana watu wanarina misimu miwili. Alafu mtu anafyeka msitu apate shamba la tumbaku, anakata na kuni za kuikaushia, msimu ukifika sanduku lake zuri limejaa buibui, lawama zote kwa fundi!

Ila wa masanduku nao hawabahatishi. Mzinga wa gome unataka mti ubanduliwe gome pande zote, na mti ukishabanduliwa hivo unakufa, yani unaua haohao maua unayoyategemea. Na mizinga ya zamani kutenga asali na majana (watoto wa nyuki) ni kazi, usiku, moshi, haraka, watu wanang'oa vyote na kundi linahama, maana nyuki wetu hawa ni wepesi sana kuondoka ukiwabughudhi au njaa ikiingia. Kwenye sanduku la viunzi vya juu, vijiti ambavyo nyuki wananing'iniza masega, unatoa sega moja moja, lenye majana unarudisha. La fremu, ambalo kila sega limo ndani ya fremu yake ya mbao, ndo zaidi, unakamua asali unawarudishia masega yao wasianze upya kujenga, kwa sababu nta nayo inakula asali, kilo kadhaa kupata kilo moja tu. Ukiwa huna mashine ya kukamua lakini, hiyo faida isahau.

Kwa hiyo mi naona sanduku linakusaidia usipoteze, haliongezi kilichopo porini. Wengi wanaumia hapo, msitu wa kulisha mizinga 20 wanapanga 50, makundi yananyang'anyana maua na nusu ya masanduku hayapati nyuki kabisa hata uyapake nta ya chambo.

Siku hizi mtu akiniuliza anunue mangapi, namuuliza mwezi wa tatu huko kwako kinachanua nini, na maji yako umbali gani. Wengi wanasema ngoja nikaulize.