Hakuna Anayegombania Kokwa

Kikao cha mirathi cha ukoo wetu kule Muheza kilichukua siku mbili na masufuria manne ya wali. Nyumba ilijadiliwa, kiwanja kikajadiliwa, minazi kumi na mmoja ikahesabiwa mmoja mmoja kama wanafunzi mstarini. Ilipofika zamu ya mwembe wa kisimani, sauti zikapanda. Baba mdogo alisema uko ndani ya kipande chake. Shangazi akasema Bibi alimwachia yeye, kwa mdomo, mbele ya mashahidi. Mashahidi wenyewe walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki wote.

Asiye wa pwani anaweza kuona ule ulikuwa ubishi wa kitoto. Sivyo. Kwetu ardhi ni jambo moja na miti ni jambo jingine. Mtu anaweza kuuza kiwanja minazi ikabaki yake, akawa anakuja na mkwezi kuangua nazi kwenye uwanja wa mwenzake, na hakuna anayemshangaa. Kwa hiyo wakubwa walikuwa na haki ya kupandishiana. Ila wakati wanapandishiana, sisi wajukuu tulikuwa chini ya mwembe huohuo, tunakula maembe huku juisi inachuruzika hadi viwikoni, na makokwa tunayatupa kwenye shimo la taka. Hapo ndipo liliponijia wazo ambalo sijaliacha hadi leo: urithi wenyewe ulikuwa ndani ya lile shimo, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeukodolea macho.

Nikaokota makokwa matano.

Kilichofuata nakisimulia kwa aibu, maana najua wengi mmekifanya au mtakifanya. Nilirudi nayo Dar es Salaam, nikayaosha, nikayaanika dirishani mpaka yakawa meupe kama mifupa, nikayatia kwenye bahasha, nikaandika juu yake "Mwembe wa Bibi", nikafungia droo. Nilikuwa nasubiri masika. Miezi mitatu baadaye nikayafukia, nikamwagilia, nikangoja. Mwezi ukaisha. Nilipoyafukua na kuyapasua, matatu yalikuwa yamenyauka na kuwa meusi, moja limeoza, na la tano lilikuwa na tundu safi kama la msumari, mle ndani mbegu imebaki unga. Hilo lilikuwa limekaliwa na fukusi wa embe, yule mdudu anayekulia ndani ya kokwa hata ukalila embe lote bila kujua kwamba ulikuwa na mgeni.

Kosa langu lilikuwa kulifanya kokwa kumbukumbu. Kokwa la embe si mahindi ya kutundika darini juu ya moshi. Likikauka limekufa, na linataka kurudi udongoni ndani ya siku chache, kabla hata mikono yako haijaacha kunukia embe. Mbegu nyingine zina subira. Kule Masada, ngome ya kale huko Israeli, walichimbua mbegu ya mtende yenye umri wa miaka kama 2,000, wakaipanda mwaka 2005 na ikaota. Embe haliwezi kukungoja umalize matanga.

Na huo mtende wa Masada ulipokua ukaonekana ni dume, hauzai tende. Jamaa zetu walioko Oman wasingeshangaa. Mtende wa mbegu ni bahati nasibu, takriban nusu kwa nusu dume na jike, ndiyo maana mwenye shamba la mitende huchukua chipukizi linaloota ubavuni mwa mama na kulihamisha.

Bahati yangu mwembe wa kisimani ulibaki umesimama msimu mmoja zaidi. Desemba iliyofuata nilikwenda Muheza kwa kazi hiyo moja tu. Nilikula embe, nikasugua kokwa kwa mchanga kupunguza nyuzi, nikaliacha kivulini lipungue utelezi, kisha nikachukua kisu kifupi nikachokoa ukingo wake, taratibu, maana kisu kikizama unakata mbegu yenyewe. Lile ganda gumu linafunguka kama kome. Ndani mna mbegu yenye umbo la figo, imevaa ngozi nyembamba ya kahawia mithili ya karatasi ya sigara. Mbegu nzuri ni ngumu, rangi ya krimu. Nilipata nane nzuri. Nikazilaza upande wenye kibiongo ukiwa juu, kwenye viriba vya udongo na samadi iliyooza, chini ya kivuli cha mgomba. Baada ya wiki tatu hivi yakachomoza majani membamba, mekundu kama shaba, yamelegea utadhani yana homa. Ndivyo mwembe unavyozaliwa, usiogope.

Kiriba kimoja kilitoa vichipukizi vitatu kutoka kokwa lilelile. Nikampigia fundi wa miche ninayemfahamu, akaniambia ning'oe viwili, nibakize chenye nguvu. Kisha akacheka: "Lakini mbegu hiyo ya nini, kaka? Nitakubebeshea, mwaka wa tatu unakula." Kubebesha ni kuunganisha kijiti cha mti unaoutaka kwenye mche mwingine. Nimeubishia moyoni ushauri huo kwa miaka, na kila nikiubishia naona una haki yake.

Iko hivi. Kuna miembe, na mingi yenye asili ya India ni ya namna hiyo, ambayo mbegu yake ina kiini kimoja tu. Huyo ni mtoto wa mama na baba, na chavua ya baba ililetwa na nzi kutoka mwembe usioujua. Anaweza kuzaa embe tamu kuliko la mama, anaweza kuzaa embe la kuwapa mbuzi. Kuna miembe mingine, mingi ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ambayo mbegu moja ina viini kadhaa, na karibu vyote vimetokana na mwili wa mama peke yake, hakuna baba. Hao ni mama mwenyewe kaanza upya. Kile kiriba cha vichipukizi vitatu kilinipa matumaini kwamba mwembe wetu ni wa kundi hili la pili. Vile saba vingine, kila kimoja na shina lake moja, vilinirudisha kwenye mashaka.

Kwa hiyo kama unachotaka ni ladha ileile, na mti bado umesimama, fundi amesema kweli: kata kijiti kutoka tawi la mama, kibebeshwe kwenye mche mwingine. Na watu wa Muheza nyinyi ndio wa mwisho kubishana na hili, michungwa inayowalisha ni ya kubebesha, na mnajua mchungwa wa mbegu ulivyo: miiba kama sindano za magunia na subira ya miaka. Hata ile miembe ya Ujiji, pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, inasemekana ilibebeshwa kutoka mwembe ule wa awali waliokutania chini yake.

Hata hivyo mimi nilipanda mbegu, na leo ningepanda mbegu tena. Sababu yangu si ya kitaalamu. Mwembe wa kisimani haukuwa nakala ya mwembe wowote. Bibi alinunua embe dirishani mwa treni, kituo cha Korogwe, mwaka wa Azimio la Arusha, akalila njiani, na kokwa akalifunga kwenye pindo la kanga kwa sababu, alivyokuwa akisema, "lilikuwa tamu, nikaona haya kulitupa." Hakujua mti uliolizaa uko wapi. Ningemwambia nataka mwembe uleule, yuleyule, usibadilike hata chembe, nadhani angeniuliza mbona mimi sikufanana na babu.

Mwembe ulikatwa Machi. Aliyenunua kipande kile alitaka kujenga, na visiki vya miembe na misingi ya nyumba havipatani. Alitoa taarifa, alisubiri maembe yaishe. Sina kinyongo naye. Baba mdogo na Shangazi walikaa miaka miwili bila kuzungumza kwa sababu ya mti ambao wote wawili hawakubaki nao.

Miche yangu minane niliigawa. Nilikusudia nianze na hao wawili, nikawapelekea siku moja, kila mmoja kwake, bila kumwambia mmoja kuhusu mwingine. Miwili ililiwa na mbuzi wa binamu, mmoja ulikauka Kimara kwa kiu, wa Baba mdogo ni mrefu kuliko paa lake na bado hautoi hata ua. Ule wa vichipukizi vitatu niko nao Chanika, una miaka saba, kivuli kizuri, maembe hakuna.

Wa Shangazi, ambaye siku hizi anaishi Korogwe kwa binti yake, ulizaa msimu uliopita. Maembe manne. Alinipigia simu akiwa anakula. Akanyamaza, nikasikia anamumunya. "Si lile," akasema. "Lina nyuzi zaidi, na ukali kidogo mwishoni. Lakini utomvu wa kikonyoni umenichoma mdomo vilevile." Akanyamaza tena, akauliza namba ya simu ya Baba mdogo, maana aliifuta.

Kesho yake nikapokea kifurushi kwenye basi. Ndani mlikuwa na makokwa mawili yamefungwa kwenye kipande cha kanga kilicholowa maji, na karatasi yenye mwandiko wake: "La pili mpe baba yako mdogo. Na wewe usitie droo."