Kiwanja kina hati, boza halipiti

Jumapili iliyopita boza la maji lilikwama kwenye kona ya mtaa wetu karibu dakika 40. Dereva anasogea nusu mita mbele, anarudi nusu mita nyuma, utingo anapiga kelele "kata yote, kata yote, simama!" na mlinzi wa nyumba ya kona naye anapiga kelele wasimgongee ukuta wa bosi wake. Na niseme ukweli, ule ukuta haujavamia barabara, mwenye nyumba kajenga ndani ya bikoni zake kabisa, zile alama za mpaka wa kiwanja. Shida ni bikoni yenyewe, imepigwa pale pale kwenye ncha, hakuna aliyewaza kuikata ile kona hata mita 3 ili gari kubwa lipate pa kugeuzia. Sasa mi nikawa nasimama pale na ndoo zangu nawaza, hili ni boza tu, siku likija gari la zimamoto usiku itakuwaje?

Watu wakisikia hivi wanadhani nakaa uswahilini. Hapana, huku kwetu pembezoni mwa Dar kumepimwa, hati tunazo. Nilinunua 2019 kwa kampuni moja ya viwanja, mita 20 kwa 20, kijana wao akanitembeza na ramani mkononi, "dada hapa barabara mita 8, hapa umeme utapita, hapa maji." Nikalipa. Nimekuja kuiangalia vizuri ile ramani baada ya kuhamia, kumbe ina mistari ya barabara na namba za viwanja basi, hakuna mtaro hata mmoja, haionyeshi bomba linalala upande gani wala nguzo zinasimama upande gani, na maji ya mvua yakitoka huko juu yanaishia kwa nani.

Hizo mita 8 zimeliwa bila mwizi. Fundi wa umeme kaja kwanza, kasimamisha nguzo kushoto, mbele akakuta mwembe akahamia kulia. Alafu yakaja maji, kila mtu akavuta bomba lake dogo kutoka barabara kubwa, mabomba kama 15 yamelala juu juu kwenye mchanga, mengine yanavuja. Mtu akajaza kifusi mbele ya geti lake maana maji yanamwingilia, yakahamia kwa jirani, jirani naye akajaza. Kilichobaki katikati ni njia ya bajaji. Tumechangishana mara mbili tukamwaga moramu, mara ya kwanza wakachimba kupitisha bomba, mara ya pili masika ya 2024 ikaisomba yote ndani ya wiki moja maana barabara ndo ilikuwa mtaro wenyewe.

Hiki ndo ninachotaka kusema: kiwanja kisiuzwe mpaka barabara yake iwe imechongwa, mtaro umechimbwa na una mahali pa kumwaga maji, na njia ya bomba na ya nguzo imetengwa na inaonekana kwa macho pale chini, sio kwenye karatasi.

Na hii sio ndoto ya Ulaya. Miaka ya 70 Sinza na Kijitonyama zilifanyiwa hivo hivo kwenye ule mradi wa viwanja na huduma uliokopewa pesa Benki ya Dunia, viwanja vilikuwa vidogo tu vya watu wa kawaida, lakini barabara na maji vilipangwa pamoja na kiwanja, sio baadaye. Sinza ya leo ina matatizo yake, maghorofa na baa kila kona, ila gari linaingia na linatoka. Ukaja ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma huko, pale upimaji ulikuwa mzuri na barabara zikaachwa pana, lakini huduma zikaja nyuma kwa kuchechemea, watu wamekaa miaka wananunua maji ya boza kwenye kiwanja chenye hati. Upana peke yake hautoshi jamani.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi hata ya barabara. Hatuna bomba la majitaka, kila nyumba ina shimo lake, na kwa kuwa maji ya bomba ni ya kusuasua watu wanachimba visima. Wataalamu wanashauri kisima kikae walau mita 30 kutoka kwenye choo. Haya, chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, pima kona mpaka kona, hupati 30, unapata 28 na kidogo. Na hapo hujahesabu mashimo ya majirani pande zote. Yaani aliyechora viwanja vya ukubwa ule bila bomba la maji wala la majitaka ameshaamua tutakunywa nini, na mchoro ukapita.

Kwenye mpaka wa shamba la kampuni iliyotuuzia barabara inagota ukutani. Upande wa pili kuna kampuni nyingine, barabara yao imeanzia mita 5 pembeni, hazikutani, mtoto anayeenda shule iliyo pale pale anazunguka karibu kilomita nzima. Kila mtu kachora ekari zake tano kama kisiwa. Hili haliwezi kutibiwa na mnunuzi, mwenye mamlaka ya kupitisha mchoro ndo anapaswa kuweka michoro miwili mezani kwa pamoja na kukataa ule usiounganika. Na kampuni ikisema bei itapanda, sawa ipande, kwani sasa hivi hatulipi? Nimeshalipa moramu mara mbili, bomba la mita 300 na maboza yasiyo na hesabu.

Kwenye kikao cha mtaa juzi mzee wa nyumba ya kona alisimama mwenyewe, akasema hajui sheria inasemaje ila hataki nyumba ya mtu iungue kwa sababu ya ukuta wake. Amekubali kona ikatwe mita 3, sisi tumekubali kumjengea upya, tofali na fundi juu yetu. Jumamosi saa 2 asubuhi tunaanza kubomoa.