Uswisi si sindano ya daktari

Mwandishi, hapo uliposema Uswisi daktari humchoma mgonjwa sindano ya kumuua akiomba kufa, umechanganya mambo. Daktari wa Uswisi akimchoma mgonjwa sindano ya kumuua, hata kwa kuombwa, ni jinai chini ya kifungu cha 114 cha sheria yao ya adhabu. Kisichoadhibiwa ni kumsaidia mtu ajiue, kifungu cha 115 kilichoanza kutumika 1942, mradi msaidizi hasukumwi na maslahi yake. Dawa mgonjwa ainywe au afungue dripu kwa mkono wake mwenyewe. Sindano ya daktari imeruhusiwa Uholanzi na Ubelgiji (zote 2002), halafu Kanada 2016.

Kwetu Tanzania hakuna upenyo: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 216, kumsaidia mtu kujiua adhabu yake inafika kifungo cha maisha.

Ila ndugu wa Uyole uliyeuliza hapo juu kama kumtoa mzee wodini na kumrudisha nyumbani Tukuyu, matibabu ameyakataa, ni sawa na kumuua, hilo ni jingine kabisa. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa matibabu, hajauawa na mtu. Kabla hamjaondoka wodini ulizeni morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa 4, na mdai pamoja nayo dawa ya kulainisha choo. Bila hiyo choo kinafunga, mgonjwa anaigomea morfini, maumivu yanarudi.