Presha ya Kushuka

Nyumba yetu ina wagonjwa wawili wa presha. Mimi yangu ni ya kupanda, ya gari langu ni ya kushuka. Mwezi uliopita muuguzi wa zahanati alinipima akakuta 160 kwa 100, akaniambia nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi nimepunguza. Mawazo yamepaki chini ya mwembe, yana magurudumu manne.

Ni Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, nimeirithi kwa mjomba. Injini iko nyuma. Rejeta haina, maji haina hata tone. Inapozwa na upepo wa feni na oili yake yenyewe, lita mbili na nusu basi. Lita mbili na nusu! Mke wangu akikaanga migebuka ya shughuli anamaliza zaidi ya hizo. Na hiyo hiyo oili ndiyo ilainishe vyuma, ndiyo ibebe joto ipite kwenye kipozeo kilichojificha ndani ya bati la feni, irudi, ianze upya. Mtumishi mmoja, kazi mbili, halafu tunashangaa akichoka.

Asubuhi gari halina neno. Likiwaka, taa ya oili, ile inayowaka presha ya oili ikiwa ndogo, inazimika hapo hapo kama mtoto aliyeona fimbo. Ngoja tufike Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, injini imechemka. Nikiachia mguu likabaki kwenye sailensi, yaani linaunguruma taratibu bila kukanyagwa, taa inaanza kunikonyeza. Nikikanyaga, inazimika. Nikiachia, inakonyeza. Yaani likikimbia ni zima, likisimama linaumwa. Nimeshaona watu wa namna hiyo, lakini gari ndiyo kwanza.

Utaniambia, si uzime injini ukisimama? Asante, wewe ni wa ishirini kunishauri. Stata imekufa tangu Idi. Gari linawaka kwa mteremko, ndiyo maana siku hizi marafiki zangu wote wanaishi mlimani. Kuna mmoja nimekua naye, kajenga tambarare, hatujaonana miezi mitatu. Nasikia anasema nimepata hela nimemsahau.

Na mama mkwe anakaa Ujiji. Pale kwake hata mpira ukiuweka barabarani hausogei.

Sasa Ujiji salamu hazipitwi kama bango. Nimemkuta kasimama kwenye kivuli cha mwembe wake, nikasimama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, hamjambo huko?”

Taa ikakonyeza. Mdomo ukajibu hatujambo, mguu nao ukajibu kivyake: vruuum.

“Na watoto?”

Wazima, vruuum.

“Yule bibi wa nyumba ya tatu tumemzika juzi.”

Poleni sana mama. Vruuuuum.

Kabla sijafika nyumbani simu ilishapigwa. “Mumeo nampa habari ya msiba ananipigia resi!” Jumapili nikaitwa kikao. Shemeji mkubwa akafungua kwa kusema hicho ni kiburi cha gari. Kiburi! Gari ambalo mlango wa abiria tunaufungua kwa bisibisi!

Nikawaeleza kwa mawese, maana hiyo lugha Kigoma haitaki mkalimani. Nikasema, wazee wangu, asubuhi ya baridi mawese yameganda kwenye dumu, unachota kwa kijiko. Yakipigwa jua yanakuwa maji, dumu likiwa na tundu dogo tu umeshapata hasara. Oili ni hivyo hivyo. Ikiwa baridi ni nzito, inakaa kwenye beringi, pale mhimili wa injini unapozungukia. Ikichemka inakuwa nyepesi, na beringi za mzee huyu zimelika, basi inapenya pembeni. Halafu pampu inazungushwa na injini ile ile. Injini ikienda taratibu, pampu nayo inasukuma kidogo, na mianya haijapungua. Presha itoke wapi?

Kikao kikanyamaza. Nikajua wameelewa. Ndipo mzee mmoja wa pembeni akauliza, “Sasa kwa nini usiweke mawese?”

Fundi wangu, tumpe haki yake, hakubahatisha. Kwanza alibadilisha swichi ya oili, ile inayowasha taa, kwa sababu wakati mwingine swichi ndiyo mwongo. Yangu haikuwa mwongo. Kumbe kwenye gari zima ndiyo spea pekee yenye tabia njema. Akaichomoa akafunga geji ya presha: injini ikiwa ya moto, sailensi, pauni 4. Akakanyaga mpaka mizunguko 3000 kwa dakika, pauni 28. Akatikisa kichwa, akasema mafundi wa injini hizi wanahesabu pauni 10 kwa kila mizunguko 1000, kwa hiyo njiani napumua, ila kwenye sailensi niko chumba cha mahututi. Alisema “uko”, siyo “liko”.

Akafungua chini akasafisha kile kipistoni chenye springi kinachopunguza presha, maana kikikwama wazi oili inarudi chini bila kufanya kazi. Kilikuwa kisafi kuliko mikono yake. Akaweka oili nzito zaidi, namba 50. Siku nne taa kimya, nikaanza hadi kupiga mluzi. Ya tano, asubuhi ya baridi, oili imekuwa ugali, mteremko wote wa kutoka Mwanga haukutosha kuliwasha. Nikateremka kimya kama jeneza mpaka stesheni. Watu wanasema Kigoma mwisho wa reli, siku hiyo ilikuwa mwisho wangu pia.

Iliyobaki ni kushusha injini, kuipasua nyumba yake vipande viwili, kuchonga pale zinapokaa beringi kuu, na kuagiza beringi nene zaidi. Akanitajia bei. Ile 160 ndipo ilipoanzia.

Kinachoniuma ni ziwani. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe isichukuliwe, hii tunayoiita Liemba. Kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi nene. Ikalala chini ya maji, mwaka 1924 ikainuliwa, mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka kibao na samaki! Mjerumani wangu mimi akilala usiku mmoja tu chini ya mwembe, asubuhi anataka vijana wanne wa kumsukuma.

Jumatatu nimerudi zahanati kupimwa. Zahanati yenyewe iko tambarare kama sinia. Nikampa kijana wa bodaboda elfu moja akae kwenye gari, nikamwambia taa ikikonyeza, kanyaga, taa ikizimika, tulia, usiguse kingine chochote. Muuguzi akaniambia nikae dakika tano bila kuongea, nipumzike, ndiyo vipimo vitoke sawa. Nikakaa. Nje vruuum. Nikatulia. Vruuum. Kwa kweli nilianza kusikia usingizi.

Akanifunga ule mkanda mkononi, akabonyeza, ukaanza kubana. Na hapo hapo, nje kukawa kimya.

“Mzee,” akasema muuguzi, “mbona inapanda?”