Mashine Isiyojua Kutulia

Juzi nilichora mzee ameketi kitini, amempakata paka, kikombe mkononi. Nikaipeleka picha kwenye programu mojawapo ya akili mnemba zinazogeuza picha kuwa video, nikaandika: "Mzee anageuza kichwa polepole kuelekea dirishani. Paka amelala." Nikaletewa sekunde 5. Kichwa kiligeuka, tena kiligeuka vizuri, sikatai. Lakini ndevu zilipepea humo ndani ilhali dirisha nililichora limefungwa, pazia likacheza, paka akafumbua macho, na chumba kizima kikawa kinayumba taratibu utadhani tumo mashuani. Mkia wa paka ulipita nyuma ya kikombe ukatokea upande wa pili ukiwa kidole.

Kidole kama hicho ndicho watu husambaziana wakacheka. Mimi kilichonikera ni pazia.

Modeli nyingi za aina hii, yaani ubongo wa hesabu ulio ndani ya programu hizo, kazi yake ni kusafisha. Wakati wa kufundishwa huonyeshwa video zilizomwagiwa chengachenga, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha hutakiwa kukisia chenga zipi ziondolewe ili picha irudi. Zoezi hilo likirudiwa kwa wingi usiohesabika wa video, unaweza kuipa modeli chenga tupu nayo ikasafisha hatua kwa hatua mpaka itokee video ambayo hakuna aliyewahi kuipiga. Fremu, yaani picha tuli zinazopangwa mfululizo kuwa video, hazisafishwi moja moja. Husafishwa kwa pamoja, kila kipande kikitupia jicho vipande vya jirani na vya fremu nyingine, na ndiyo maana uso wa mzee wangu haukugeuka kuwa wa mjomba wake katikati ya safari. Maneno niliyoandika hugeuzwa kuwa namba zinazovuta usafishaji huo upande fulani, na picha yangu ni nanga ya kuzuia mambo yasipotelee mbali.

Katika yote hayo hamna mifupa. Anayetengeneza katuni za 3D humjengea paka uti wa mgongo na viungo kabla hajamsogeza hata hatua moja. Hapa hakuna aliyeambia mashine kwamba mkia umeunganishwa na paka. Imeona tu kwamba rangi zilizokaa hivi, aghalabu hufuatiwa na rangi zilizokaa vile. Mkia ukijificha nyuma ya kikombe, kitakachotokea upande wa pili ni makisio, na karibu na kikombe vidole huonekana mara nyingi kuliko mikia.

Sasa turudi kwenye pazia. Stable Video Diffusion, mojawapo ya modeli za kugeuza picha kuwa video, ilipotoka Novemba 2023, ikiwa na toleo la fremu 14 na jingine la fremu 25, ilikuwa na namba ya kupanga mwendo. Namba moja, kwa picha nzima! Ukiipandisha kila kitu kinachangamka, ukiishusha kila kitu kinapoa. Mwendo ulipimwa kama chumvi kwenye mchuzi. Mwaka huohuo kampuni ya Runway, yenye programu ya kazi hiyohiyo, ikaleta brashi ya kupaka sehemu unayotaka isogee, na hiyo ilikuwa hatua ya maana, ila bado ni wewe unayeamua wapi.

Mchoraji wa katuni wa mkono hakuhitaji brashi hiyo. Filamu inakula fremu 24 kwa sekunde, naye kwa kawaida huchora michoro 12, kila mmoja ukikaa fremu mbili. Hata hiyo 12 ni jasho. Kwa hiyo pazia halitikisiki mpaka liwe na sababu, kwa kuwa kulitikisa ni kazi ya usiku mzima. Mhusika akiduwaa, anaachwa ameduwaa, labda anapepesa jicho tu, na hapo ndipo mtazamaji anapobana pumzi. Kwa mashine, fremu iliyotulia na fremu iliyojaa vurugu zina gharama ileile ya hesabu. Hakuna kinachoilazimisha kuchagua, na haichagui.

Najua nitaambiwa nisubiri toleo lijalo. Kuhusu vidole nakubali. Kampuni ya OpenAI ilipoonyesha Sora, modeli yake ya kutengeneza video, Februari 2024, tayari tulikuwa tunatazama video zinazofika dakika nzima bila kuvunjika ovyo. Lakini kujua nini kiachwe kimya si tatizo la vidole. Mashine itaacha kukosea mkia muda mrefu kabla haijajua kwa nini mzee anatazama dirishani.

Basi nimebadili namna ya kuandika. Sielezi tena kilichomo kwenye picha, maana picha inajieleza; naandika vitenzi, tena tendo moja tu. Naandika "kamera imetulia" badala ya "kamera isisogee", kwa sababu ukishataja kusogea umeshaipandia mbegu. Programu ikikubali picha ya mwanzo na ya mwisho, nachora zote mbili, niiachie michoro ya katikati, kazi ambayo studio za zamani zilimpa mchoraji msaidizi.

Kwa mzee wangu, hata mbinu hizo hazikutosha. Mwishowe nilikata kichwa peke yake kutoka kwenye video, nikakibandika juu ya mchoro wangu wa awali, nikafuta kingo fremu baada ya fremu. Jioni nzima imekwenda kwa sekunde 3. Kichwa kinageuka, pazia limenyooka, na paka, hatimaye, amelala.