Mtulinga wa Mbuzi

Waliponiamkia "Shikamoo daktari," hapo ndipo nilipoharibikia. Nilikuwa mwaka wa pili tu, na anatomi, somo la maumbile ya mwili, nilikuwa nimeivuka kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, tena kwa mbinde. Lakini shikamoo ya udaktari si kitu cha kuacha kipite hivihivi. Nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito ambayo hata mama yangu hajawahi kuisikia, nikakubali kuwafundisha mwaka wa kwanza mifupa kabla ya testi ya Jumatatu.

Chuoni kwetu hapa Tabora ndio utaratibu, wakubwa kuwafundisha wadogo. Na kusema kweli unasaidia. Mhadhiri amesahau zamani kwamba kuna siku hata yeye hakujua mfupa wa radiasi uko upande gani wa mkono. Sisi bado tunakumbuka tulipokwamia. Tatizo ni kwamba wengine tumekwama palepale hadi leo.

Jumamosi jioni nikaenda maabara kuchukua sanduku la mifupa. Pamefungwa. Mwenye ufunguo kaenda msibani Urambo, simu haipatikani. Na watu thelathini na kitu wameshakaa chini ya mwembe nyuma ya hosteli, madaftari wazi, wananitazama. Ningesema tuahirishe, yangeisha. Badala yake nikasema, "Changeni mia tano tano."

Nikaenda kwa mzee wa supu. Nikanunua mkono wa mbele wa mbuzi, kuanzia bega hadi kwato, na ubavu mzima wa upande mmoja. Tukachemsha hadi nyama ikabanduka (nyama yenyewe ililiwa na watu ambao sijapata kuwaona kwenye kipindi hata kimoja). Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mfupa ni mfupa.

Skapula, mfupa wa bega, ikaenda vizuri. Hyumerasi, ule unaofuata chini ya bega, vizuri. Nilipofika kwenye radiasi na ulna, mifupa miwili ya chini ya kiwiko, nikakuta zimeshikana, hazitoki hata kwa kuvuta. Nikasema ni kwa sababu ya kuchemka sana. Wakaandika!

Tukaingia kwenye mbavu. "Binadamu ana jozi ngapi?"

"Kumi na mbili!"

"Haya, hesabuni upande huu."

Binti mmoja wa kutoka Nzega, mpole, ambaye tangu tuanze hakuwa amesema neno, akahesabu kwa kidole. Zikafika 13. Akarudia kuanzia mwisho kurudi mwanzo. 13. Umeme nao ukakatika muda huohuo, nikamshukuru Mungu maana jasho halikuonekana. Nikakumbuka kwamba wapo watu wanaozaliwa na ubavu wa ziada, basi nikaeleza kwa utulivu wa kitabibu: "Huyu alikuwa na ubavu mmoja wa ziada. Hutokea kwa mtu mmoja mmoja."

"Kaka," akasema yule binti taratibu, "kwani huyu si mbuzi?"

Kicheko kilichopigwa pale, nadhani maembe mawili yalidondoka. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini aibu humfanya mtu aendelee kuongea. Nikarukia mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kidari. Nikautafuta mezani. Nikautafuta sufuriani. Nikatumbukiza mkono kwenye mchuzi. Haupo. Ndipo nikatamka: "Yule mzee wa supu ametupunja. Mtulinga kaubakiza."

Kuna kijana ana pikipiki na hana subira. Kabla sijamaliza sentensi alishaondoka. Baada ya dakika kumi akarudi, nyuma kampakia mzee mwenyewe, aproni kifuani, kisu mkononi.

"Nani huyo anasema nimeiba mfupa?"

Vidole thelathini vikanielekea.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. Akaomba tochi, akageuza ile skapula, akaniangalia kama anayemwonea huruma mama yangu. "Nachinja mbuzi tangu sijaoa. Mbuzi hana hicho kitu. Mkono wake wa mbele haujaungana na mwili kwa mfupa, umeshikwa na nyama tu. Ndiyo maana naubandua kwa kisu, shoka silishiki. Mguu wa nyuma ndio una kikombe chake, pale lazima utafute kiungo." Kisha akajibonyeza chini ya shingo. "Wewe unao kwa sababu mkono wako unazunguka, unapandia miti. Wa mbuzi unakwenda mbele na nyuma. Na mbavu zake ni kumi na tatu, hata mtoto anayechunga huko Nzega anajua."

Yule binti akakohoa.

Watu walikuwa wanaandika kwa kasi ambayo mimi sikuipata jioni nzima. Wakampigia makofi. Akaulizwa maswali sita, akajibu yote. Akaondoka na mchuzi wetu.

Jumatatu swali la mtulinga walilipata karibu wote. La mbavu, watatu waliandika jozi 13, nami kwa wiki nzima nikawa napita nyuma ya maktaba kwenda kula.

Jumamosi iliyofuata walichanga tena, wakamwalika mzee aje na mguu wa nyuma. Hata mimi nilialikwa. Nilishika tochi.